Mfilisi, Mufilisi na Mdai: Uhakiki wa Tangazo Moja la Bima Lililosomwa Tarime na Serengeti

Makala haya yanahusu tangazo moja la sentensi sita. Lilitolewa kwa Kiingereza na msimamizi wa kampuni moja ya bima ya nchi jirani ya Kenya, kampuni ambayo haikuwa na uwezo tena wa kulipa madai ya wateja wake. Nakala yake ilivuka mpaka hapo Sirari, ikatafsiriwa wilayani Tarime, kisha ikapelekwa hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Huko tuliikuta imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na wino wake umekwisha kufifia. Jina la kampuni halina kazi katika mjadala wetu, na hatutalitaja. Kadhalika hatutamtaja mfasiri, ambaye ni mwalimu wa shule ya sekondari aliyeombwa na mtendaji wa kata kuifanya kazi ile kwa usiku mmoja, bila malipo na bila kamusi ya sheria. Twasema tangu mwanzo kwamba makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Sehemu kubwa ni yetu sisi tunaoshughulika na istilahi.

Huenda msomaji akauliza tangazo la kampuni ya Kenya lawahusu nini watu wa Mara. Mpaka wa Sirari haukuwatenga jamaa. Wakurya na Wajaluo wako pande zote mbili, na watu wa Tarime huvuka kwenda Isebania, Migori na Kisii kwa biashara, kwa matibabu na kwa misiba. Wenzao wa Serengeti, kutoka ng'ambo ya Mto Mara, hupitia Nyamongo wakafuata njia ile ile. Anayesafiri huenda akapata ajali, na aliyeumia ndani ya gari la Kenya, lenye bima ya kampuni ya Kenya, hana budi kudai fidia yake huko. Kampuni ikishindwa kulipa, habari humfikia kwa karatasi kama hii tunayoihakiki.

Tafsiri iliyobandikwa ilisomeka hivi:

"Wadau wote wa kampuni iliyofilisika wanatangaziwa kwamba malipo yote yamefungwa. Muda wa madai umekoma tangu tarehe ya tangazo hili. Mwenye madai ayafungue kwa mufilisi. Mtu wa tatu hahusiki ila kwa njia ya mkata bima. Wadai watalipwa kwa upendeleo. Ambaye hakufanya hivyo atakuwa amesamehe deni."

Asili yake, kwa maneno yetu wenyewe, ilikuwa na maana hii. Kwanza, kampuni imewekwa chini ya msimamizi kwa mujibu wa sheria ya bima, na malipo yamesimamishwa kwa muda. Pili, katika kipindi hicho siku za ukomo wa madai hazihesabiwi. Tatu, kila mwenye dai alijulishe kwa msimamizi, hata kama aliwahi kuliwasilisha kwenye tawi la kampuni. Nne, mtu aliyeumizwa na gari lililokatiwa bima aweza kujiandikisha mwenyewe, mradi ataje namba ya hati ya bima ya gari hilo. Tano, iwapo baadaye mahakama itaamuru kampuni ifungwe, wadai watalipwa kwa mpangilio uliowekwa na sheria. Sita, asiyejiandikisha huenda akakosa sehemu yake katika mgawo utakaokuwa umekwisha kutolewa.

Mwenye kuzilinganisha karatasi hizi mbili ataona kwamba hakuna hata sentensi moja iliyovuka mpaka salama. Hata hivyo kila neno la tafsiri ni Kiswahili halali, na karibu kila moja limo katika kamusi. Jambo hilo ndilo lililotufanya tuliandikie.

Kwa nini lugha yetu ilikosa maneno

Kabla ya kulaumu, inatupasa kukumbuka historia. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bima ikawa mikononi mwa umma, na kwa takriban miaka 30 Tanzania Bara haikuwa na kampuni binafsi za bima zilizoshindana na shirika hilo. Ni Sheria ya Bima ya mwaka 1996 iliyowafungulia mlango wafanyabiashara wengine. Sheria ya mwaka 2009, iliyoifuata, ndiyo inayoipa nguvu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Basi katika miaka ile ambayo istilahi nyingi za Kiswahili zilitungwa kwa bidii kubwa, hapakuwa na haja ya kuzungumza juu ya kampuni ya bima inayokufa. Tulijifunza kusema kukata bima, hati ya bima, ada ya bima na fidia. Maneno hayo yote ni ya bima iliyo hai. Bima mgonjwa hatukumpa jina, wala hatukumwandalia maneno ya mazishi.

Wenzetu wa Kenya walipitia njia nyingine. Soko lao la bima lilikuwa na kampuni nyingi, na baadhi yake zilianguka. Kampuni ya taifa ya bima ya nchi hiyo, Kenya National Assurance, ilifungwa mwaka 1996. United Insurance, iliyokatia bima magari mengi ya abiria, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na zuio la malipo yake likaongezwa mara kwa mara. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Invesco iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2008, kisha ikarudi kazini. Hali hizi zilizoea kuandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya yalijitahidi kwa namna yao, na ndiyo asili ya neno mrasimu, ambalo msomaji wa Sirari hulielewa na msomaji wa Mugumu huuliza ni mnyama gani.

Kufilisika: hali tatu chini ya neno moja

Kosa la kwanza limo katika neno iliyofilisika. Kwa mtu wa kawaida, kufilisika ni kwisha. Duka lililofilisika limefungwa, na mwenyewe amerudi kijijini. Aliyesoma tangazo la Mugumu alielewa kwamba kampuni haipo tena. Kumbe kampuni ilikuwapo. Ilikuwa imeondolewa mikononi mwa wakurugenzi wake na kukabidhiwa msimamizi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuchunguza kama yaweza kupona. Mfano wa Invesco wa mwaka 2008 unatosha kuonyesha kwamba mgonjwa wa namna hii aweza kuinuka.

Twaona kwamba ziko hali tatu zinazopaswa kutengwa. Ya kwanza ni hali ya hesabu: madeni yamezidi mali, au fedha za kulipa hazipatikani siku zinapotakiwa. Ya pili ni hali ya uangalizi: sheria imemweka mtu wa kuisimamia kampuni, na malipo yamezuiwa. Ya tatu ni hali ya mwisho: mahakama imeamuru kampuni ifungwe, mali zake ziuzwe, na kila anayestahili alipwe kadiri zitakavyotosha.

Tofauti hizi si za wanazuoni. Kila moja inamtaka mdai afanye jambo lake. Katika hali ya kwanza aweza kuendelea kuidai kampuni kama kawaida, hata mahakamani. Katika ya pili hana budi kujiandikisha kwa msimamizi na kusubiri. Katika ya tatu ni lazima athibitishe deni lake kwa mfilisi, kwa hati iliyowekwa na kwa siku zilizotajwa. Mtu aliyeambiwa neno moja kwa hali zote tatu hawezi kujua asimame wapi.

Twapendekeza, kwa hiyo, kampuni ya hali ya kwanza isemwe kuwa imelemewa na madeni. Ya pili kuwa imewekwa chini ya usimamizi. Na ya tatu kuwa imefilisiwa. Neno kufilisika tuliache katika mazungumzo ya kila siku, lilikozaliwa, wala lisitumike katika hati yoyote inayompa mtu wajibu au kumnyima haki.

Mfilisi na mufilisi

Kosa la pili ni la herufi moja. Neno kufilisi lina asili ya Kiarabu, na ni jamaa ya fulusi, yaani fedha. Kutoka asili hiyo tulipata maneno mawili. Mufilisi ni mtu aliyeishiwa mali. Mfilisi ni mtu anayekusanya mali ya aliyeishiwa, akaiuza na kuwagawia wanaomdai. Mmoja ni mgonjwa na mwingine ndiye anayemsimamia. Tangazo liliwaambia watu wapeleke madai yao kwa mufilisi, yaani kwa yule yule aliyeshindwa kulipa.

Twaelewa jinsi kosa lilivyotokea. Kiswahili Sanifu huwa na tabia ya kuipunguza silabi mu mwanzoni mwa neno, hata iwe m. Mwandishi makini, akijua tabia hiyo, huogopa kwamba mfilisi ni kifupi cha matamshi tu, akarudisha u ili aandike sawasawa. Hivyo ndivyo usahihi wenyewe unavyozaa kosa. Katika usemi wa wengi tuliowasikiliza Tarime na Mugumu, maneno haya mawili yamekwisha kuwa neno moja, na muktadha pekee ndio unaoyatenga.

Lipo jambo jingine. Hapa kwetu kufilisi kumezoeleka kuwa adhabu. Mara nyingi tumesikia watu wakitaka wala rushwa na wezi wa mali ya umma wafilisiwe. Kwa sikio lililozoea usemi huo, mfilisi ni mtu anayekuja kuchukua. Bibi mmoja wa Serengeti alituuliza kama kumpelekea mfilisi karatasi zake si kumwonyesha mahali mali yake ilipo. Swali lake lilikuwa la busara kwa mtu aliyesikia neno hilo mara zote likiambatana na kunyang'anywa.

Je, tulitupe neno mfilisi? Hatuoni hivyo. Limekwisha kukaa. Serikali yenyewe ina Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ingawa wananchi wengi huujua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Benki Kuu ya Tanzania ilipozifunga benki 5 tarehe 4 Januari 2018, iliiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi, na magazeti yakalitumia neno hilo sawasawa. Linalotakiwa ni kuliacha mufilisi. Nafasi yake ichukuliwe na kampuni inayofilisiwa, au mtu anayefilisiwa. Kirai hiki ni kirefu kidogo, lakini hakuna atakayepeleka dai lake kwa asiyestahili kwa sababu ya herufi iliyoponyoka. Na kila tangazo la mfilisi liwe na sentensi moja ya kueleza kazi yake: kwamba hukusanya mali ya kampuni na kuigawa, wala hagusi mali ya mdai.

Kukoma na kusimama

Sasa tunafika kwenye kosa kubwa kuliko yote. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, katika kifungu cha 67C, inampa msimamizi uwezo wa kutangaza zuio la malipo. Kifungu hicho hicho kinamlinda mdai: maadamu zuio lipo, siku za ukomo hazihesabiwi. Ukomo, katika lugha ya sheria, ni muda ambao ukipita mtu hawezi tena kushtaki. Maana ya kifungu ni wazi. Kwa kuwa mdai amezuiwa kulipwa, si haki saa yake iendelee kukimbia. Saa inasimamishwa, na zuio likiondolewa inaendelea.

Asili ilisema muda wa ukomo umesimama. Tafsiri ikasema muda wa madai umekoma. Ahadi ya kumhifadhia mtu haki yake ikageuka kuwa habari ya kifo cha haki hiyo. Mfasiri aliliona neno ukomo, akalirudisha kwenye kitenzi chake, na kitenzi kikamvuta kwenye maana yake ya kawaida. Hakuna kamusi ambayo ingemshtua, kwani kukoma ni kwisha, na ukomo ni mwisho. Sisi tuliolichagua neno hilo kwa ajili ya sheria hatukumwambia kwamba ukomo waweza kusimamishwa, kuanza upya au kuongezwa, wala hatukumpa mfano hata mmoja wa sentensi.

Madhara yake tuliyaona. Mama mmoja wa kijiji kilicho karibu na Mugumu alikuwa amemwuguza mumewe mwaka mzima baada ya ajali, na alikuwa na dai lenye namba katika tawi la kampuni ile. Alisomewa tangazo katika mkutano wa hadhara. Aliposikia kwamba muda umekoma, akarudi nyumbani. Alibaki na ripoti ya polisi kwa sababu ilikuwa na mhuri. Risiti za hospitali, ambazo hazikuwa na mhuri wa kuvutia, alizitupa. Tulipomweleza maana ya asili hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu risiti nyingine zinapatikana wapi. Jibu la swali hilo haliko katika orodha yoyote ya istilahi, lakini orodha iliyo safi ingelifanya lisiulizwe.

Twapendekeza kwamba mahali pote ambapo hesabu ya siku inazuiwa kwa muda, tuseme siku za ukomo hazihesabiwi. Sentensi hiyo haina neno moja la kitaalamu lisiloeleweka, na haiwezi kugeuzwa. Na zuio lenyewe liitwe zuio la muda la malipo. Tuepuke kusema malipo yamefungwa, maana kilichofungwa huwa hakina ahadi ya kufunguliwa.

Kufungua na kuwasilisha

Baada ya kusema muda umekoma, tangazo linamtaka mwenye madai ayafungue. Hapa wasomaji wa wilaya mbili waligawanyika. Huko Mugumu kufungua madai kulieleweka kuwa ni kufungua kesi ya madai mahakamani, na wawili kati ya tuliozungumza nao walikwisha kuuliza ada ya mahakama ni kiasi gani. Huko Tarime, hasa Sirari, walielewa kwamba ni kufungua jalada ofisini. Walioelewa vyema ni wachache, na hao walikuwa wamesoma asili.

Ziko hatua mbili ambazo Kiswahili cha bima hakijazitenga. Hatua ya kwanza ni mtu kuiarifu kampuni kwamba amepata hasara na anataka fidia chini ya hati ya bima. Hilo ni dai la bima. Hatua ya pili ni mtu yule yule kumweleza mfilisi, kwa fomu na vielelezo, kwamba kampuni inawiwa kiasi fulani naye. Hiyo ni hati ya kuthibitisha deni. Dai la kwanza halibebi la pili. Mtu aweza kuwa na namba ya dai ya miaka mitatu na bado asiwemo katika daftari la mfilisi. Kwa kuwa tangazo lilitumia neno madai kwa hatua zote mbili, waliokuwa wamekwisha kuwasilisha dai la bima walisema, kwa haki kabisa, "Sisi tulikwisha kudai."

Basi dai la bima liwasilishwe, na deni lithibitishwe. Vitenzi viwili kwa hatua mbili. Kufungua tuwaachie makarani wa mahakama, na kesi zao.

Mtu wa tatu

Sheria za nchi zote mbili, kwetu Sura ya 169 na Kenya Sura ya 405, humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine wanaoweza kudhurika. Nchini kwetu bima hiyo inajulikana mitaani kwa jina la bima ndogo, na ile pana huitwa bima kubwa. Katika maandishi rasmi aliyeumia huitwa mtu wa tatu.

Tulipowauliza madereva na abiria pale Sirari mtu wa tatu ni nani, walianza kuhesabu. Dereva ni wa kwanza, utingo wa pili, basi abiria wa kiti cha mbele ni wa tatu. Mwingine alisema ni tajiri mwenye gari. Hesabu ya wanasheria, kwamba wa kwanza na wa pili ni wale waliofanya mkataba wa bima, haimo akilini mwa asiyeuona mkataba. Tangazo liliposema mtu wa tatu hahusiki ila kwa njia ya mkata bima, lilimtoa nje yule yule ambaye bima iliwekwa kwa ajili yake, tena kwa neno ambalo hakujua kwamba linamtaja.

Kiswahili kina neno zuri la mtu baki, yaani asiye wa ndani ya jamaa au ya mapatano. Tulifikiri kulipendekeza. Lakini msomaji mmoja alitukumbusha kwamba mtu baki hana haki katika mambo ya nyumba, na hapa twataka kusema kinyume chake. Alisema kweli. Twaona bora tumwite kwa lililompata: mdhurika. Mdhurika ni mtu aliyeumia au kupata hasara kwa tendo la aliyekatiwa bima. Na palipo na nafasi, tangazo liongeze kwamba kulemewa kwa kampuni hakumfuti mwenye gari. Deni lake kwa mdhurika lipo pale pale. Kilichoyumba ni mfuko uliotarajiwa kumlipia.

Upendeleo na msamaha

Tangazo linasema wadai watalipwa kwa upendeleo. Hakuna sentensi iliyotuchekesha na kutuhuzunisha kwa pamoja kama hii. Mfasiri alitaka kusema kwamba sheria inawatanguliza baadhi ya wadai, kama vile wafanyakazi kwa mishahara yao. Lakini upendeleo katika Kiswahili ni dhambi ya ofisi. Msomaji alielewa kwamba kampuni inakiri hadharani kuwa watakaolipwa ni wenye kujuana.

Neno linalofaa ni utangulizi, na mdai wa namna hiyo ni mdai mtangulizi. Wanaobaki hulipwa kwa uwiano, na hili linahitaji mfano wa hesabu kuliko linavyohitaji istilahi. Tuseme baada ya watangulizi kulipwa zimebaki shilingi 30,000,000, na madeni yaliyothibitishwa ni shilingi 120,000,000. Kila shilingi moja ya deni itapata senti 25. Aliyethibitisha shilingi 4,000,000 atapewa 1,000,000. Mwalimu yeyote wa darasa la saba aweza kuifundisha hesabu hii, na mtu aliyeielewa hatamshuku mfilisi kwamba amemla.

Mwisho tangazo lasema anayechelewa amesamehe deni. Kusamehe ni tendo la hiari, na mtu hasamehewi na mwenziwe kwa sababu gari la posta lilichelewa. Isitoshe, kwa kanuni ya jumla ya ufilisi, anayechelewa hawezi kuurudisha mgawo uliokwisha kutolewa, lakini aweza kuingia katika mgawo unaofuata ikiwa mali bado ipo. Aambiwe hivyo: amekosa mgawo uliopita. Neno msamaha lisitajwe.

Suala la mdai

Baadhi ya wenzetu wanashauri tufufue maneno ya zamani mwia na mwiwa, yanayotokana na kuwia. Mwia ndiye anayedai na mwiwa ndiye anayedaiwa. Hoja yao ina uzito, kwani mdai mahakamani ni mtu anayedai tu, ambaye huenda akashindwa, na katika ufilisi twahitaji neno la mtu ambaye deni lake limekwisha kukubaliwa. Tuliyapima maneno haya Mugumu. Waliozoea lugha ya kanisani walilijua kuwiwa, na walisema sawasawa kwamba ni kuwa na deni. Lakini tulipoandika mwia na mwiwa ubaoni, wengi waliyabadilisha. Tungekuwa tumeuondoa ugonjwa wa mfilisi na mufilisi na kuuleta tena kwa jina jingine. Kwa hiyo, ingawa twayapenda maneno hayo, hatuyapendekezi kwa kazi hii. Sisi wenyewe tumetumia inawiwa hapo juu, na tunamwomba msomaji ajiulize kama alisita.

Mdai libaki. Deni lake likikubaliwa, awe mdai aliyethibitishwa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twatoa istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Kulemewa na madeni: hali ya kampuni ambayo mali au fedha zake hazitoshi kulipa madeni yake.

Kuwekwa chini ya usimamizi: kukabidhiwa msimamizi kwa mujibu wa sheria wakati kampuni bado ipo.

Zuio la muda la malipo: amri ya kusimamisha malipo katika kipindi cha usimamizi.

Kufilisiwa: kufungwa kwa kampuni kwa amri ya mahakama, ili mali zake zigawiwe wadai.

Mfilisi: mtu au taasisi inayokusanya na kugawa mali ya kampuni inayofilisiwa.

Dai la bima: ombi la fidia chini ya hati ya bima, linalowasilishwa kwa kampuni.

Hati ya kuthibitisha deni: fomu ambayo mdai humpelekea mfilisi, pamoja na vielelezo.

Mdhurika: mtu asiye katika mkataba wa bima, aliyeumia au kupata hasara kwa tendo la aliyekatiwa bima.

Mdai mtangulizi: mdai ambaye sheria inataka alipwe kabla ya wengine.

Orodha hii haitoshi. Tulikwisha kuwa na orodha, na mwalimu wa Tarime alikuwa na haki ya kutegemea kwamba kila neno alilolikuta katika kamusi lingemfikisha. Kasoro ya orodha zetu ni kwamba humpa mfasiri neno mkabala wa neno, bila kumwonyesha mahali pake katika mfululizo wa mambo. Istilahi za mwendo wa kisheria yafaa zipangwe kwa hatua, kila moja ikifuatwa na sentensi ya mfano na onyo la neno linalofanana nalo. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ikifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi hii haikubali kuahirishwa. Zamani aliyekosea kutafsiri aliweza kusema asili ipo kwa Kiingereza. Sasa, mara nyingi, Kiswahili ndicho asili.

Kwa watumishi wa kata na wilaya tuna ombi moja dogo. Tangazo la namna hii likitafsiriwa, kabla halijabandikwa wasomewe watu watatu wasiolijua jambo lenyewe, kisha waulizwe: nani afanye nini, kwa nani, na kabla ya siku gani? Majibu yao yakitofautiana, tangazo lirudi mezani. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na haihitaji kibali cha mtu.

Tafsiri mpya ya tangazo lile tuliiandika Mugumu, tukamwachia mtendaji wa kata. Aliisoma mara mbili, akang'oa karatasi ya zamani, akaibandika mpya mahali pale pale kwa misumari ile ile.